Risasi ya Bwana Mbwa

"Muuaji!"

Bebiane, muuzaji wa duka, akabaki ameshika pakiti ya kahawa hewani.

"Ilannguaq, tafadhali," Sikkersoq alinong'ona, akamshika mchumba wake mkono.

"Niache! Naongea na huyu mzee. Esajas, jana asubuhi umempiga risasi Miteq. Kiongozi wa mbwa wangu! Siku tano kabla ya mbio!"

Mzee Esajas, baba yake Sikkersoq, alikuwa amesimama kwenye foleni na mkate kwapani. Hakuinua sauti.

"Alikuwa hajafungwa."

"Mbwa wangu hawafunguki! Miaka sita sijaachia mbwa hata mmoja, muulize yeyote humu. Mimi nilikuwa kwenye barafu huko mbali, navua, simu haishiki. Sema ukweli mbele ya watu: ulimfungua mwenyewe ili upate sababu."

"Mwanangu, punguza maneno."

"Mimi si mwanao! Hunitaki niwe mkweo, niambie usoni. Usimalizie hasira zako kwa mnyama."

Watu waligeuza macho, mmoja akatazama maziwa, mwingine mishumaa. Esajas alimtazama binti yake, mara moja tu, halafu akauweka mkate juu ya rafu na kutoka mikono mitupu.

"Bwana Mbwa leo kapatikana," Bebiane akasema, na mtu mmoja nyuma akacheka.

Bwana Mbwa. Ndivyo mji mzima wa Ikerasannguaq ulivyomwita. Kwenye kisiwa hiki cha kaskazini ya Grinlandi mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji ni wengi kuliko watu, na kila mbwa aliyekomaa lazima awe kwenye mnyororo. Anayeonekana akizurura mjini hupigwa risasi na Esajas, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, kwa sababu mbwa hawa si wa kubembelezwa sebuleni, na watoto wameshawahi kuumizwa. Sheria kila mtu anaikubali. Mwenye bunduki ndiye hakuna anayemkaribisha kahawa.

Nje ya duka, Ilannguaq alivuta pumzi kama mtu aliyetoka mbioni.

"Sikia, Sikke. Jumamosi ya wiki ijayo tunafunga ndoa. Baba yako haingii kanisani. Akiingia yeye kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma."

"Ni baba yangu. Mama hayupo, ndugu sina. Ndiye pekee niliyebaki naye."

"Basi chagua."

Akaondoka. Sikkersoq alibaki kwenye theluji, ameshika mfuko mtupu. Miteq hakufunguliwa na Esajas.

Alimfungua yeye.

Ilikuwa hivi. Jumapili ilipiga dhoruba. Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu yake ya kiwanda cha samaki, Sikkersoq alikwenda kuwalisha mbwa wa mchumba wake. Alimkuta Miteq shingo imebanwa chini, theluji iliyoyeyuka na kuganda tena imeumeza mnyororo karibu wote, mbwa anakoroma, ulimi nje. Akapiga barafu kwa shoka mpaka mikono ikafa ganzi. Haikupasuka. Akafungua kifungio cha shingoni.

Miteq alipumua. Akamlamba kidevu. Kisha akanusa upepo, mahali fulani kulikuwa na jike aliyetaka dume, akateleza mikononi mwake na kutokomea nyuma ya nyumba.

Huku, mbwa akikuponyoka, unampigia simu Bwana Mbwa kabla hujavaa hata kofia. Anakupa saa moja umkamate, naye anawatahadharisha watu. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Sikkersoq alitoa simu. Jina likang'aa kwenye kioo: Baba. Akaisikia sauti yake kabla hajapiga. Huyo mwanaume wako kaenda kuvua na dhoruba inakuja, hakuhamisha hata mbwa? Na ndiyo kwanza baba alikuwa ameanza kumsifu Ilannguaq, mwezi huu tu, baada ya miaka miwili ya kununa.

Akairudisha simu mfukoni. Njaa itamrudisha, alijiambia. Hakuna atakayejua.

Alikuwa anapasua samaki wa tatu aliposikia mlio mmoja wa bunduki.

*

Jioni ya siku ile ya dukani, alimkuta baba yake anachemsha nyama ya sili.

"Baba, mbona hukujitetea?"

"Niseme nini?"

"Kwamba hukumfungua."

Esajas alikoroga sufuria polepole. "Nikishampiga mbwa huwa naenda kuukagua mnyororo wake, niandike ulikatika au ulifunguliwa. Nilikuta shoka lako. Na nyayo zako."

Sikkersoq alishika ukingo wa meza.

"Umejua tangu jana?"

"Tangu jana."

"Na umekubali kuitwa muuaji mbele ya Bebiane na mdomo wake ule?"

"Miaka kumi na minane watu wananichukia, binti yangu. Mimi nimezoea. Wewe hujazoea."

"Ulimtambua Miteq?"

"Nilimtambua. Nilimwita kwa jina mara tatu. Watoto wa chekechea walikuwa wanashuka kilima wameshikana mikono, naye anawakimbilia. Labda alitaka kucheza. Sikuwa na muda wa kumuuliza." Akafunika sufuria. "Ungenipigia, ningewaambia walimu wasiwatoe. Dakika mbili tu zingetosha."

Alisema bila ukali wowote. Hapo ndipo Sikkersoq alipovunjika. Alilia amejifunika uso kwa koti la kiwandani lenye harufu ya samaki.

"Nitamwambia, baba."

"Atakuacha. Yule kijana hasamehi uongo. Hata mimi ndiyo maana nilianza kumpenda."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Nyamaza, uolewe. Mimi nitabaki nyumbani. Kengele za kanisa zinasikika vizuri tu hapa dirishani."

*

Jumatano, ujumbe uliingia akiwa zamu.

"Umeshaongea na baba yako?"

"Bado."

"Panik hawezi kuongoza mbwa wenzake. Leo ameturudisha nyumbani mara tatu. Taatsiaq anajiona ameshanishinda, ananicheka, anasema nimfunge yeye mbele ya sleji."

"Pole mpenzi wangu."

"Bila Miteq sishindi Jumamosi. Wanaokwenda kwenye mbio kuu ni watano wa kwanza tu. Mwaka mzima wa mazoezi umekwenda na risasi moja. Siwezi kukaa meza moja na yule mzee, Sikke. Nielewe."

Aliandika: Ilannguaq, ni mimi. Akafuta. Aliandika tena. Akafuta. Mwishowe alituma: "Nakupenda."

"Mimi pia. Wewe ndiye uliyenibakia."

Usiku huo na uliofuata hakula. Ijumaa mchana aliomba ruhusa kiwandani, akashuka kwenye barafu.

Alimkuta kilomita mbili kutoka mjini, amepiga magoti bila glavu, anafumua kamba za mbwa zilizokuwa zimesukana kama nywele. Kila mbwa ana kamba yake, na mbwa asiyejua nafasi yake huruka za wenzake mpaka zote zinakuwa fundo moja. Mbwa kumi walikuwa wamelala, wanamtazama. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka.

"Umekuja kunitia moyo?" Alitabasamu kidogo. "Nishikie hapa."

"Ilannguaq, acha kamba kwanza."

"Nikiacha zinaganda. Ongea tu, nasikia."

"Mimi ndiye niliyemfungua Miteq."

Vidole vikasimama.

"Mnyororo ulikuwa umemezwa na barafu. Alikuwa anakufa. Nilitaka kumhamishia mahali pengine, akaniponyoka."

"Ukampigia baba yako."

Sikkersoq aliinama, akaishika kamba moja.

"Sikke. Ukampigia baba yako?"

"Sikumpigia. Niliogopa angekudharau. Nilidhani Miteq angerudi mwenyewe."

Ilannguaq aliinuka. Kwa muda mrefu alitazama milima ya ng'ambo ya fiodi, ule mkono wa bahari ulioganda, kana kwamba kuna mtu kule angemwambia la kufanya.

"Kwa ajili ya mbwa nisingekulaumu," alisema mwishowe, sauti imekauka. "Mbwa anakufa, tunalia, tunafundisha mwingine. Lakini nilisimama dukani nikamtukana mzee wa watu. Wewe ulikuwa umenishika mkono. Mkono huu hapa! Ukaniacha nimalize."

"Nisamehe."

"Siku nne, Sikke! Umeniona nikimchukia mtu asiye na kosa siku nne, unaniandikia 'nakupenda'."

"Nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Basi umenipoteza." Akapiga magoti tena, akazishika kamba. "Nenda. Kesho usije kwenye mbio. Na mchungaji nitamwambia mwenyewe."

Alirudi kwa miguu. Upepo ulikuwa unampiga usoni naye hakujifunika.

*

Hakwenda kwenye mbio. Alijilaza chumbani, akasikia kelele za mbwa mia mbili zikipanda kutoka barafuni wakati wa kuondoka, kisha kimya cha saa mbili na nusu, kisha makofi. Baada ya muda baba yake aligonga mlango.

"Taatsiaq wa kwanza. Wako amekuwa wa kumi na tisa kati ya ishirini na mmoja. Karibu na mwisho alishuka akawa anakimbia mbele ya mbwa, anawaonyesha njia."

"Si wangu tena, baba. Nimemwambia."

Esajas alikaa pembeni ya kitanda. Hakusema nilikuonya.

"Vaa," alisema. "Ukumbini wanakunywa kahawa na kutoa zawadi za mbio. Mtu asipoonekana siku ya mbio, watu wanamtungia habari."

"Watakutukana."

"Watanitukana nikiwa na keki mkononi."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Ilannguaq alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, uso umeungua kwa baridi. Alimwona Sikkersoq akiingia, akageukia kikombe chake. Esajas alikaa meza ya pembeni kabisa. Waliokuwa pale walikumbuka ghafla kwamba wana jamaa meza nyingine.

Taatsiaq alipanda jukwaani na kikombe chake cha ushindi, mashavu mekundu kwa furaha.

"Namshukuru mke wangu! Nawashukuru mbwa wangu! Na nisiwe mchoyo wa fadhila: namshukuru Bwana Mbwa, aliyenipunguzia mpinzani kwa risasi moja tu!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Esajas alikiweka kipande chake cha keki mezani, akachukua kofia, akaanza kuinuka.

Sikkersoq hakumbuki alifikaje jukwaani. Anakumbuka tu kipaza sauti kilikuwa cha baridi.

"Baba, kaa chini," alisema. Sauti ikajaa ukumbi mzima. "Tafadhali, kaa. Ule keki yako."

Vicheko vikakatika.

"Miteq nilimfungua mimi. Baba yangu hakumfungua, Ilannguaq hakumwachia. Ni mimi. Mnyororo ulikuwa umegandiana na barafu, nikamfungua akaniponyoka, na sikupiga simu."

"Hukupiga?" Bebiane alishindwa kujizuia. "Mtoto wa Bwana Mbwa mwenyewe?"

"Sikupiga, Bebiane. Niliona aibu. Watoto wenu walikuwa njiani asubuhi ile, wa kwako pia, Taatsiaq, na mbwa mkubwa amefunguliwa, na mimi niko kazini nimenyamaza. Baba yangu alijua ni mimi. Aliziona nyayo zangu. Akakubali mmwite muuaji ili mimi niolewe." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Arusi haipo tena, msihangaike kutafuta zawadi. Sisemi haya ili nirudishiwe kitu. Mmemcheka mtu asiye na kosa. Mtu wa kuchekwa ni mimi hapa."

Hakuna aliyecheka. Taatsiaq alikuwa anatazama viatu vyake.

Sikkersoq alishuka. Mlango ulikuwa mbali, na ili atoke ilimbidi ampite Ilannguaq. Lakini Ilannguaq hakuwa tena pale ukutani. Alikuwa anakatiza ukumbi kwenda meza ya pembeni.

Akavua kofia mbele ya Esajas.

"Mzee, nilikutukana mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu."

Esajas akakisukuma kwa mguu kiti kilichokuwa kitupu.

"Kaa. Vidole hivyo vinahitaji mafuta. Na ulikimbia vizuri, kwa mtu asiye na kiongozi."

"Niliwatangulia washindani wawili tu."

"Wale wawili walikuwa wamelewa," Bebiane akadakia kutoka nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa cha aina nyingine. Mama mmoja akaja na birika, akammiminia Esajas kahawa. Mwingine akavuta kiti chake karibu.

Sikkersoq alikuwa tayari nje, anashuka ngazi, aliposikia mlango unafunguka nyuma yake.

"Sikke."

Alisimama. Hakugeuka, alikuwa analia.

"Sijamwambia mchungaji," Ilannguaq alisema. "Jana nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikashindwa kugonga."

"Usinionee huruma."

"Si huruma. Jana barafuni ulinieleza mimi peke yangu, nikajua unaogopa kunipoteza. Leo ulikuwa huna cha kupoteza tena, na bado umesimama pale juu ukasema." Alishuka ngazi moja. "Baba yako anataka kukushika mkono mpaka altareni. Nimemuuliza. Amesema atavaa viatu vipya."

Sasa aligeuka. Ilannguaq hakuwa anatabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu kama yake.

"Lakini nisikudanganye, Sikke. Bado nina hasira. Kubwa. Jumamosi nitakuwa nayo bado. Nitakuja nayo mpaka kanisani."

Sikkersoq alipanda ngazi mbili zilizokuwa kati yao, akaishika mikono yake iliyopasuka, akaifunika na yake.

"Njoo nayo," alisema.