Sauti ya Mrina Asali

Kila saa, tangu kupambazuka, viitandege mia nne, vyombo vidogo vyenye kipaza sauti na kamera, viliita kwa pamoja katika Msitu wa Namikango. Kila kimoja kilibanwa juu ya tawi mithili ya fundo la mti, kikatoa mwito wa warina asali: mtetemo mrefu wa ulimi, kisha mguno. Mlembe, ndege ambaye tangu kale humwongoza binadamu hadi kwenye nyuki, alipokuja kuitika, chombo kilimtambua kwa manyoya, kikamhesabu, kikanyamaza. Kwa hesabu hizo Dakta Bahiya Ngonyani aliuokoa msitu usikatwe. Amri ya jimbo ilikuwa wazi: hesabu ikikoma, ulinzi nao unakoma.

Asubuhi moja Che Mtalika, mrina asali wa kijiji jirani, alibisha hodi kituoni kwa Bahiya akiwa na shoka begani na ndoo mkononi.

"Karibu, Che Mtalika. Umeniletea asali?"

"Asali ya wapi, Dakta? Labda unitilie sukari humu nikamdanganye mke wangu." Hakucheka. "Mwezi wa tatu huu naita, siitikiwi. Wenzangu wanaitikiwa. Wananicheka eti nimekula fungu la ndege."

Kwa Wayao wa huko, hilo halikuwa neno dogo. Mrina humwachia mlembe kipande cha sega juu ya majani. Anayemdhulumu, ndege humkumbuka.

Bahiya alifungua kumbukumbu za vyombo apate la kumfariji. Mmoja baada ya mwingine, kila mlembe alikuwa ameitika mara nne, mara tano, halafu basi; sasa waliohesabiwa ni ndege wachanga tu. Pembeni yeye mwenyewe alikwisha kuandika: "hitilafu ya vipaza sauti." Aliyasoma maneno yale, akayafuta. Vyombo vyote vilitumia sauti moja, aliyoinasa pale pale barazani miaka miwili nyuma, Che Mtalika alipoita kwa majivuno kidogo mbele ya wageni. Maelfu ya mara ndege walikuja kwa sauti ile, wakakuta hakuna mtu, hakuna moshi, hakuna nta.

"Hukuwadhulumu wewe," alisema. "Ni mimi, kwa sauti yako."

Akamweleza yote. Che Mtalika alisikiliza akikuna kidevu.

"Kumbe mchana kutwa naita, na sega sitoi."

"Nitavizima leo hii."

"Na msitu?"

Bahiya alizitazama tena hesabu. "Naweza kuweka sauti ya mtu mwingine."

"Ya nani? Mtaje huyo utakayemfanya mwongo."

Bahiya alizifunga kumbukumbu.

"Mlembe huishi miaka mingapi?" Che Mtalika aliuliza.

"Kumi. Pengine zaidi."

"Mimi nina sitini na mitatu, Dakta. Hata ukivizima leo, wanaonikumbuka wataisha nami siwezi tena kupanda mti." Aliichukua ndoo yake. "Viache. Bila miti hata hao wanaoitikiwa watamwita nani?"

"Che Mtalika, nisamehe."

"Nimekusikia," alisema, akashuka ngazi.

Bahiya alimtazama akiingia msituni, akikagua mti mmoja baada ya mwingine kwa macho matupu, midomo ameifumba. Ilikuwa imetimia saa nne. Juu yake, kutoka kila upande, sauti yake ilianza kuita.