Pumzi Isiyotoka

Jua lilikuwa linazama Lauchie MacEachern alipotoka kwenda kununua maziwa. Duka lipo mwendo wa dakika kumi tu kwa gari. Yeye alizunguka saa nzima.

Hakupotea. Amezaliwa hapo hapo kisiwani Cape Breton, na barabara ile ya pwani anaijua nje ndani. Alikuwa anazungumza na mkewe.

Effie alifariki mwezi wa pili, mapafu. Baada ya mazishi nyumba ilijaa majirani na sahani za vyakula, kisha kila mtu akarudi kwake, Lauchie akabaki na kimya. Kimya kile kilimtesa kuliko kilio. Hata gari la Effie lilikuwa kimya. Lilikuwa gari dogo la turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na waliolitengeneza walilifungia chujio la hewa ndani ya boksi la plastiki linalomeza kelele zote. Basi mwezi wa tisa, kwa upweke tu, mzee mzima wa miaka sitini na minane akafanya mambo ya vijana. Akang'oa boksi la kiwandani, akafunga bomba lenye chujio wazi, linaloning'inia chini nyuma ya bampa. Alilikuta kwenye uwanja wa magari mabovu. Alitaka asikie chochote, basi.

Akasikia.

Siku ya kwanza alikuwa anapanda kilima huku akijisemea. "Baridi imewahi mwaka huu, Effie." Akakanyaga mafuta. Chini ya boneti turbo ikavuta hewa...

"Hhh-ee."

Nywele zikamsimama. Watu wa huko, wanawake wa makamo yake hasa, wakikubali jambo huitikia kwa kuvuta pumzi ndani, midomo ikiwa imeachana kidogo tu. Effie aliitikia hivyo miaka arobaini. Akimimina chai, ee. Akikunja nguo, ee. Lauchie alisimamisha gari kando akalia kwa furaha mpaka miwani ikamwangukia mapajani.

Tangu hapo ikawa kila jioni. "Unanikumbuka?" Anakanyaga. "Hhh-ee." "Kuna pazuri huko?" "Hhh-ee." Lilibaki swali moja, nalo lilimjia kila alipofika ile kona ya juu ya jabali, pasipo na ukingo. *Nije?* Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Jioni hiyo ya maziwa aliona atalisema.

Ila dukani alimkuta Duncan Rankin, fundi wa magari, kaka yake Effie.

"Shemeji, utoto umekurudia? Nimekusikia tangu darajani. Boksi la kiwandani limekukosea nini?"

"Bomba hili linavuta vizuri zaidi."

"Linavuta matope! Mdomo wake umeuning'iniza chini namna hiyo, siku ukipita kwenye dimbwi injini itakunywa maji ife. Na wewe mbona umekonda?" Duncan hakungoja jibu. Alifungua mlango akaketi. "Nipeleke nyumbani."

Waliacha taa za duka nyuma. Mwishowe Lauchie akasema, "Usinicheke." Halafu, kwa sauti ndogo, "Effie, kaka yako yupo hapa." Akakanyaga.

"Hhh-ee."

Duncan hakucheka. Rangi ilimtoka usoni, akaziba mdomo kwa kiganja, na kwa muda kidogo wote wawili walikuwa watu waliofiwa. Kisha kichwa chake kikainama upande, sikio kwenye dashibodi. Ufundi ulikuwa umemrudia.

"Achia mafuta."

Lauchie akaachia.

"Kanyaga tena... achia."

Kimya.

"Haitoi," Duncan alinong'ona.

"Haitoi nini?"

"Turbo yoyote yenye chujio wazi, ukiachia mafuta hewa inarudi. Pshhh. Lazima uisikie. Hii inavuta tu, shemeji. Inakwenda wapi hiyo hewa?"

Kwenye matundu ya dashibodi ikaanza kutoka harufu... tope la mtoni, bichi, la baridi.

"Bomba umelitoa gari gani?"

"Lile la bluu, kwenye magari mabovu."

Duncan alishusha kioo. "Lile lilivutwa kutoka mtoni barafu ilipoyeyuka. Mwenyewe alikutwa ndani, mdomo wazi."

"Huyu ni Effie."

"Muulize kama alikuchukia."

"Duncan!"

"Muulize. Dada yangu angekataa."

Lauchie aliinamia usukani. "Effie... ulinichukia?" Mguu ukashuka wenyewe.

"Hhh-ee."

Utamu ule ule. Upole ule ule.

Mbele, mwanga wa taa uligonga ile kona. Lauchie alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Alijua sasa, kama angeuliza lile swali, angejibiwa nini, na alijua kwamba angetii.

Boksi la zamani lilikuwa kwenye buti. Duncan alilirudisha pale pale kando ya barabara, kwa tochi ya simu, akitukana kila skrubu. Lile bomba alilirusha chini kutoka jabalini. Hawakusikia likianguka. Walipofika nyumbani kwake alimshika shemeji yake bega kwa nguvu, akateremka.

Lauchie alirudi nyumbani na gari lisilo na sauti. Alizima injini, akaingiza maziwa, akachemsha chai, akaketi jikoni bila kuvua koti. Upweke ulimkaa kifuani.

"Kaka yako mtu mwema," alisema, kwa mazoea tu.

Nyuma yake, karibu na jiko...

"Hhh-ee."

Hakugeuka. Alisubiri pumzi ile itoke. Alisubiri mpaka chai ikapoa.

Haikutoka.

Si Effie. Hilo alilijua kabisa. Lauchie akainuka, akateremsha kikombe cha pili, akakiweka upande wa pili wa meza.