Kayamba la Tusekile

Tusekile anaishi na bibi yake huko Rungwe, ambako asubuhi za Agosti ni za baridi.

Kesho ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Bibi atapanga mbegu zake za maharage mezani, watu waje kuzitazama.

Bibi ana vifuko vitano. Maharage meupe. Mekundu. Meusi. Ya njano. Na yale ya madoadoa, kama manyoya ya kanga.

"Usiyachanganye, Tuse," Bibi akasema. "Mama yangu aliniachia hivi hivi, kila aina na kifuko chake."

Bibi akaenda kuteka maji.

Tusekile akaona kopo tupu. Akamimina maharage meupe. Chaka-chaka!

Akamimina na mengine. Chaka-chaka-chaka! Kayamba! Akacheza, akacheza.

Kisha akachungulia ndani ya kopo. Lo! Maharage yote yamechanganyika.

Haraka haraka akayarudisha kwenye vifuko. Akafunga kamba.

Bibi akarudi. "Mbona kimya, mjukuu wangu? Unaumwa?"

"Hapana, Bibi."

Uso wake ukawa wa moto. Akainamisha kichwa.

Asubuhi, uwanjani, ngoma zikalia. Ndu-ndu-ndu!

Bibi akapanga mabakuli matano. Akafungua kifuko cha kwanza. Akafungua cha pili. Mikono yake ikasimama.

Mama Subilaga, wa meza ya jirani, akachungulia. "He! Bibi Tuse, umeleta mbegu au chakula cha mchana?"

Watu wakacheka. Kwa-kwa-kwa!

Uso wa Tusekile ukawa wa moto. Akainamisha kichwa.

"Nimezeeka," Bibi akasema polepole. "Labda nimeyachanganya mwenyewe."

Hapo Tusekile akashindwa kuvumilia.

"Si wewe, Bibi! Ni mimi. Nilitengeneza kayamba. Halafu nikaona aibu kusema."

Bibi akamtazama. Akamtazama tena.

"Ungeniambia jana, Tuse. Jana tulikuwa na muda."

"Nisamehe, Bibi."

Bibi akasogeza kigoda. "Kaa hapa. Tuchambue."

Tik! Meupe kwa meupe. Tik! Mekundu kwa mekundu.

Mtoto mmoja aliyekuwa akipita akasimama. "Shikamoo, Bibi. Mnafanya nini?"

"Marahaba. Tunachambua mbegu. Njoo."

Akaja yeye. Akaja na dada yake. Wakaja wengine.

Mama Subilaga naye akaja. "Haya, nipisheni na mimi. Nimecheka vya kutosha."

Tik! Meusi kwa meusi. Tik! Ya njano kwa ya njano. Tik! Ya madoadoa kwa ya madoadoa.

Jua lilipofika utosini, mabakuli matano yalikuwa yamejaa. Na meza ya Bibi ilizungukwa na watu.

Jioni, kitandani, Bibi akampa Tusekile lile kopo. Ndani ametia vijiwe.

"Kayamba lako hili. Siku nyingine ukikosea, niambie."

"Ndiyo, Bibi." Tusekile akajifunika blanketi mpaka puani. "Bibi? Bado naona aibu kidogo."

"Hiyo kidogo itaisha. Lala."

Chaka-chaka, likalia kopo chini ya blanketi.

Chaka...

Cha.