Presha Imeshuka

Ndugu zangu, tusidanganyane: hakuna raha kama mtoto wako kurudi likizo na elimu mkononi. Jumamosi moja ya mwezi wa sita, katika kijiji kimoja cha Butiama, Yuliana alikaa nje ya nyumba yake, mkono umefungwa mashine ya presha. Aliyemfunga ni binti yake Robi, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi huko Musoma. Mihogo ilikuwa imeanikwa juani, na kaka mtu, Nyamhanga, alikuwa akitia mpini jembe. Jirani yao Matrida naye alikuwepo. Hakualikwa, lakini mashine ya namna hiyo haifunguliwi uani bila yeye kuiona.

Miezi mitatu nyuma presha ya Yuliana ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi. Akaandikiwa vidonge vya kila siku, akavimeza. Sasa mashine ilisoma mia na thelathini kwa themanini, na Robi nusura apige kigelegele. Tatizo, bodaboda wa kumpeleka stendi alikuwa ameshafika na anapiga honi.

"Mama, presha imeshuka!" alisema huku akikunja mashine. "Imeshuka kabisa!"

Akamkumbatia mama yake, akapanda pikipiki, akaondoka na furaha yake.

Balaa liliingia hapo, kwa neno moja tu. Sisi sote tunajua kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka, na hii ya kushuka tunaiogopa kama chatu. Robi alimaanisha dawa imefanya kazi. Yuliana alisikia kwamba ameshikwa na ugonjwa wa pili, mbaya kuliko ule wa kwanza.

"Umesikia?" Matrida alisema. "Ile ya kupanda inakupaga nafasi. Ya kushuka inauaga mtu amekaa hivihivi. Acha hivyo vidonge, ndivyo vimekushusha. Kula chumvi."

"Lakini Robi hajasema niache."

"Robi kasema imeshuka. Wewe unataka ishuke mpaka wapi?"

Msimlaani Matrida. Alimpenda jirani yake, akamshauri kwa alichokijua. Na sisi ushauri wa jirani hatuuombi cheti.

Basi vidonge vikawekwa kwenye kopo juu ya kabati. Chumvi ikaingia kwenye uji, kwenye mboga, hata kwenye chai. Baada ya wiki mbili Yuliana alimpigia binti yake simu.

"Mwanangu, nitumie kayabo. Nina hamu nayo."

Kayabo ni sangara aliyekaushwa kwa chumvi nyingi, chakula kitamu kweli. Robi alikimbia sokoni Mwigobero, akachagua wawili wanene, akawakabidhi kondakta wa basi. Wiki hiyohiyo alikuwa amefanya mtihani, akaandika kwamba mgonjwa wa presha apunguze chumvi, na akapigia mstari kwa rula. Alipata tisini. Cheka ukitaka, ila ujue mtihani wa karatasi na mtihani wa mama yako ni vitu viwili.

"Dawa lakini unameza, mama?" aliuliza kwenye simu.

"Mimi sina shida, mwanangu."

Robi akalichukua hilo kuwa ndiyo, akaendelea na masomo yake.

Mwezi wa nane, saa nne asubuhi, Robi akiwa wodini kwenye mafunzo kwa vitendo, Nyamhanga alipiga simu mara tatu mfululizo. Alitoka koridoni kupokea.

"Robi, mama mdomo umeenda upande. Kikombe kimemdondoka. Anaongea hatumwelewi. Mama Matrida anamkorogea maji ya chumvi, anasema presha imeshuka tena."

"Asipewe! Asipewe kitu chochote mdomoni, hata maji, atapaliwa. Mlaze ubavu. Imeanza saa ngapi?"

"Sasa hivi, tukiwa tunakunywa chai."

"Kumbuka hiyo saa, utaulizwa. Tafuta gari umlete."

Sauti ya Matrida ikaingia kwenye simu. "Mtoto wa juzi huyo anajua nini? Si yeye mwenyewe alisema imeshuka?"

Robi alijiona siku ile, anakunja mashine, bodaboda anapiga honi. Alielewa kila kitu kwa mara moja, na alitamani ardhi immeze. Lakini mama yake alikuwa bado hai, na kikombe kilikuwa mkononi mwa jirani.

"Nyamhanga, sikiliza. Mwaga hiyo chumvi. Nikikosea nilaumiwe mimi. Mwaga sasa hivi."

Nyamhanga akamwaga. Akaazima pikapu ya mfanyabiashara wa mahindi, akamlaza mama yake kwenye godoro, na kabla ya saa saba walikuwa hospitali Musoma. Kilikuwa kiharusi. Yuliana alipona kifo, ila mkono wa kulia ulikataa.

Robi akajifunga kibwebwe. Kila alipomaliza zamu alihamia kitanda cha mama yake. Alimgeuza kila baada ya saa mbili ngozi isichubuke, akamkagua visigino, akamsafisha kinywa, akamnyoosha vidole kimoja kimoja. Siku ya sita, kwa ulimi mzito, Yuliana alisema:

"Si ulisema... imeshuka?"

"Nilisema, mama. Sikukueleza. Kosa ni langu."

"Ulikuwa na haraka," mama yake akamjibu.

Robi alitoka nje, akalia mpaka akamaliza, akanawa uso, akarudi kumgeuza. Mama aliporuhusiwa, Robi alikwenda naye Butiama na kumwita Matrida. Alimweleza yote bila kumtupia lawama, akamwomba awe msimamizi wa vidonge. Matrida alilia kuliko wote. Siku hizi anakuja kila asubuhi, na haondoki mpaka aone kidonge kimemezwa.

Mwaka wa tatu Robi alipangiwa mafunzo katika kituo kimoja cha afya upande wa Bunda. Alimpima mzee Makongoro wa Guta, mgonjwa wa presha wa siku nyingi.

"Mzee wangu, presha yako leo ni nzuri, kwa sababu unameza dawa. Ukiacha, itapanda tena. Endelea nazo kila siku."

"Asante, mwanangu." Mzee akachukua kofia yake.

"Kabla hujaenda, hebu niambie nimesemaje."

"Umesema ni nzuri. Nimepona. Dawa basi."

Foleni ilikuwa ndefu, na watu nje walianza kunung'unika. Robi alivuta kigoda, akakaa chini mbele ya mzee, akaanza upya.

Funzo

Mgonjwa haponi kwa kile muuguzi anachokijua. Anapona kwa kile alichokielewa yeye mwenyewe. Ninyi mnaosomea uuguzi, msimuulize mgonjwa kama ameelewa, maana kwa heshima yake atasema ndiyo. Mwambieni awarudishie maneno yenu. Na sisi wa nyumbani: presha ikiwa nzuri ukiwa unatumia dawa, ni dawa inafanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha. Neno la hospitali likikutisha, rudi hospitali ukaliulize.