Pazia Lililokuwa Chujio

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Aprili, maji ya kijito yalikuwa mekundu kama tofali. Milcah aliinama ukingoni na ndoo yake. Hakuchota. Alitia kidole majini, akakitoa kikiwa kimepakwa tope.

Milcah alikuwa na kitalu cha miche huko Mountain View, chini ya barabara kuu iliyokuwa inajengwa upya. Alikuza miparachichi, mikima ya mbao na maua. Majirani walimwita Mama Everlyn, kwa jina la binti yake. Yeye na mumewe, Were, waliishi nyuma ya kitalu. Kijito kilipita kando ya miche, kikaingia ndani ya kalvati, yaani bomba kubwa la zege chini ya barabara ya mtaa. Kutoka hapo kilishuka kuelekea Mto Nairobi.

Milcah alitazama mdomo wa kalvati. Wiki iliyopita mtu mzima angeweza kupita mle akiinama kidogo. Sasa nusu yake ilikuwa imejaa udongo.

"Were!" aliita. "Njoo uone hii kitu."

Were alitoka na mswaki mdomoni. Aliangalia kalvati. Aliangalia mteremkoni, kwenye marundo ya udongo uliochimbwa na matingatinga. Mwishowe aliangalia kitambaa kirefu cheusi kilichofunika miche yao.

"Usiniangalie hivyo," Milcah alisema.

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema."

Kitambaa hicho Milcah alikuwa amekitoa mteremkoni siku ya Jumamosi. Wajenzi walikisimamisha kwa vigingi, kati ya marundo ya udongo na kijito. Vibarua walikiita pazia. Milcah alilisikia neno hilo na kulielewa kama lilivyo. Pazia ni la kuficha. Aliamini limewekwa ili wakubwa wakipita barabarani wasione uchafu. Neti yake ya kivuli ilikuwa imechanika, na jua lilikuwa linachoma miche michanga. Aliona hakuna atakayeumia kwa kukosa pazia. Aling'oa urefu wa hatua thelathini, akaukunja, akaenda nao nyumbani.

Jumatatu alasiri mvua ilinyesha kwa nusu saa. Nusu saa ilitosha.

Saa tatu asubuhi ile ya Jumanne alifika Kanyiva, afisa wa mazingira wa mradi wa barabara. Alivaa buti za mpira na alishika fimbo ndefu yenye alama za sentimita. Nyuma yake alikuja Waithera, mwenye nyumba ya mawe karibu na kalvati. Umri wake ulipita miaka sabini, na mtaa mzima ulimwita Shosho, yaani bibi.

"Mimi nimezeekea hapa," Shosho alisema. "Sijawahi kuona kijito ikijaa kwa mvua ya kunyunyizia sukuma."

Kanyiva alitumbukiza fimbo, akasoma, akaandika.

"Udongo umejaza nusu ya kalvati," alisema. "Mvua kubwa ikija, maji yatakosa njia. Yatarudi nyuma. Yataanza na kitalu hiki, kisha yaingie kwako, Shosho."

"Huo udongo umetoka wapi? Wiki jana haukuwa."

"Pale juu. Kuna kitambaa kimetolewa."

"Ile pazia? Si ilikuwa ya kuficha hiyo matope yenu?"

"Nani alisema ni pazia?"

"Watu wako wa kazi."

Kanyiva alichomoa fimbo majini. "Wamekosea. Na mimi nimekosea kuwaacha waseme hivyo. Shosho, chai unachuja na nini?"

"Na chujio. Ama ulitaka ninywe majani?"

"Basi kitambaa kile ni chujio. Mvua ikipiga udongo uliochimbwa, maji yanateremka mbio na udongo wake. Yakifika kwa kitambaa, yanasimama. Udongo unatua chini. Maji yanapenya polepole, yakienda mtoni yameacha mzigo. Ukiondoa kitambaa, mzigo wote unaenda mtoni. Unaziba kalvati na mitaro, na watu wa chini wanachota tope."

Milcah alisimama kati ya Kanyiva na miche, kama mtu anayeficha sufuria iliyoungua.

"Si uweke ingine leo?" Shosho aliuliza.

"Kitambaa kipya kitafika Jumatatu. Utabiri unasema mvua kubwa ni Alhamisi. Kesho tutazoa udongo kwenye kalvati. Lakini kuzoa bila kuzuia ni kama kupiga deki na mfereji wa jikoni bado unamwaga."

Walipoondoka, Were alimsogelea mkewe.

"Nyamaza," alisema. "Hakuna mtu alikuona."

"Na Alhamisi?"

"Ukisema, watatufukuza. Hii ardhi ni ya barabara. Tuko hapa kwa ruhusa ya mdomo tu."

"Nikinyamaza, maji ndiyo yatatufukuza."

"Mvua ni bahati, Mama Everlyn. Inaweza kupita."

"Sio bahati. Umesikia hesabu yake."

Siku hiyo waliongea mambo ya chumvi na ya makaa tu.

Jumatano asubuhi Milcah aliinua kitambaa ili amwagilie. Miche arobaini na mitatu ilikuwa imeanguka. Mashina yalikuwa meusi na laini karibu na udongo. Aliujua ugonjwa huo. Huja mahali penye unyevu, penye giza, pasipo na hewa. Kitambaa kile kilikuwa kizito mno kwa kazi ya kivuli.

Shosho alipita na kikapu chake.

"Mama Everlyn! Hiyo miche imelala kama imekunywa busaa."

Milcah alijaribu kucheka. Shosho hakucheka. Alikuwa anakitazama kitambaa.

"Na hii neti yako mpya ni nzito," alisema polepole.

Milcah aliinama, akaanza kuokota miche iliyokufa.

"Nyumba yangu iko pale chini," Shosho alisema. "Unaijua." Akaendelea na safari yake.

Upande wa vilima vya Ngong, mawingu yalikuwa yameanza kurundikana. Milcah alifungua kamba moja, akafungua ya pili. Alikikunja kitambaa chote, akakibeba begani hadi kwenye kalvati. Vibarua wanne walikuwa wanazoa udongo, na Kanyiva alikuwa anahesabu ndoo.

"Madam," Milcah alisema. Alikitua kitambaa chini. "Madam, ni mimi nilikichukua. Nilidhani ni pazia."

Vibarua waliacha kuzoa. Kanyiva alikikunjua kitambaa, akakikagua kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kimechanika hapa."

"Ni msumari."

"Una sindano ya gunia?"

"Niko nayo."

"Kailete. Na jembe."

Milcah hakuondoka. "Utaniandika?"

"Nitaandika kilichotokea. Kitambaa kilitolewa Jumamosi. Kimerudishwa Jumatano na aliyekitoa."

"Na jina?"

"Fomu haina nafasi ya jina. Sindano, mama. Mawingu hayatungoji."

Milcah alishona. Kisha walipanda mteremkoni, naye akaanza kukifunga kitambaa kwenye vigingi haraka haraka, upande wa chini ukiwa unaning'inia.

"Hapo sasa umetundika pazia," Kanyiva alisema. "Maji yatapita chini yake."

Alimwonyesha. Kwanza walichimba mfereji mwembamba, wenye kina cha shubiri moja. Walilaza ncha ya chini ya kitambaa mle ndani, wakaifukia, wakaikanyaga mpaka ikashika. Vigingi vilikaa upande wa kijito, ili maji yakisukuma, kitambaa kiegemee kwenye vigingi. Miisho miwili waliikunja kuelekea juu ya mteremko, maji yasije yakazunguka pembeni.

Saa kumi Were alifika. Hakumsalimu mtu. Alivua viatu, akaanza kukanyaga udongo nyuma ya mkewe.

"Ulisema ninyamaze," Milcah alisema.

"Nilisema mengi. Sogea, hapa bado ni laini."

Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, mvua ilianza. Haikunyunyiza, ilimwaga. Ndani ya dakika ishirini mteremko wote uligeuka kuwa kelele. Maji mekundu yalishuka kutoka kwenye marundo, yakafika kwenye kitambaa, yakasimama. Kina kikaongezeka. Kitambaa kilivimba kama shavu la mgonjwa wa jino. Mahali Milcah aliposhona palianza kuchuruzika.

"Itapasuka!" Milcah alisema.

"Inachuja," Kanyiva alisema. "Angalia rangi."

Yaliyopenya hayakuwa meupe, lakini hayakuwa tope tena. Kigingi kimoja kililala. Were na kibarua mmoja walikimbia na magunia ya kokoto, wakakiegemeza. Milcah aliteremka mbio hadi kwenye kalvati, ambako Kanyiva alikuwa ameacha fimbo imesimama majini. Ukingo wa kitalu ulikuwa kwenye alama ya mia moja. Maji yalikuwa kwenye arobaini na tano. Baadaye sitini. Baadaye sabini na nane.

Shosho alisimama mlangoni pake chini ya mwavuli.

"Ngapi?" alipaza sauti.

"Themanini na nne!"

"Inapanda ama inashuka?"

Milcah alichuchumaa mpaka pua ikakaribia fimbo. Alihesabu pumzi zake. Alifika mia mbili. Maji yalikuwa palepale.

"Imesimama!"

"Sema tena!"

"Imesimama, Shosho!"

Saa tisa na nusu mvua ilipungua. Saa kumi fimbo ilionyesha hamsini na tano. Kalvati lilikuwa linameza maji yote. Mlango wa Shosho ulikuwa mkavu. Miche iliyobaki ilikuwa mahali pake, mingine imeinamishwa na matone mazito.

Ijumaa asubuhi Kanyiva aliwakusanya mteremkoni. Alipima udongo uliotua nyuma ya kitambaa. Ulikuwa umepita theluthi moja ya kimo chake.

"Kazi haijaisha," alisema. "Chujio likijaa majani, chai haipiti. Udongo huu tusipouondoa, maji ya mvua ijayo yataruka juu ya kitambaa. Na tusiumwage mtaroni, utarudi mtoni kwa njia nyingine."

"Mtaroni mvua si hubeba?" kibarua mmoja aliuliza.

"Hubeba ikapeleke wapi?" Shosho alimjibu kabla ya Kanyiva. "Kwangu!"

Watu walicheka. Were alishika koleo, Milcah akashika wilibaro. Waliupeleka udongo juu, kwenye uwanja tambarare ulio mbali na kijito, wakaufunika kwa turubai na kulikandamiza kwa mawe. Kanyiva alihesabu kila wilibaro na kuiandika. Ya thelathini na moja, ambayo ilikuwa ya mwisho, Milcah aliimwaga saa tano na dakika ishirini.