Mpunga Mwekundu wa Laurentine

Mukalay aliingia soko la Manika akiwa na shati lililopigwa pasi, akiuza mbegu za mpunga zilizotengenezwa katika maabara ya ng'ambo. Akasimama mbele ya msichana aliyejifunga kikwembe cha njano kiunoni, aliyekuwa akipima mchele mwekundu.

"Mama, mbegu yangu inazaa mingi kupita hii."

"Kisha kuvuna, minaweza kuipanda tena?"

"Hapana. Utanunua ingine."

"Basi ile si mbegu, tata. Ni kamba ya kunifunga." Laurentine alicheka. "Hii mbegu, nkambo wangu, mama ya baba, alitoka nayo Kasai, wakati bwana yake alikuya kuchimba shaba. Tunailisha mbolea ya ng'ombe tu."

Kesho yake Mukalay alirudi. Masika yalipofika alikuwa ameacha kazi ya mbegu, anapalilia naye bondeni kando ya Lualaba. Akisafiri, alimpigia kwa simu ya parokia.

"Allô, mupenzi! Mupunga iko namna gani?"

"Unauliza mupunga ao unaniuliza mi?"

Kisha migodi ikasimama, mishahara ikakauka, na watu wa asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao. Laurentine alizaliwa Musonoi, hapohapo Katanga. Kasai hakuwahi kuiona. Vijana wa Katanga walichoma nyumba ya kina Laurentine. Siku hiyo Mukalay hakuonekana, wala zilizofuata.

Laurentine na baba yake walilala stesheni juu ya mikeka, wakingoja treni.

"Mukalay ule ni Mukatanga sawa bengine," alisema baba yake, mzee Tshiamala.

Asubuhi treni ilipokaribia, Mukalay alitokea, shati limechanika, gunia la mpunga kichwani.

"Ulikuwa wapi?"

"Mu shamba. Balianza kuichoma. Nilivuna mbele moto ifike, kisha nikajificha mu matete."

"Mi nilisema uko nabo."

"Minajua. Hata mi ningesema vile."

Akamgeukia mzee, akapiga magoti. "Tata, minaomba Laurentine."

"Hapa? Hata kiti ya kukupa sina."

"Chini inatosha, tata."

Tshiamala alimtazama kwa macho mekundu ya kukosa usingizi. "Kule tunaenda, batakuita adui. Huku bandugu yako batakuita musaliti."

"Huku balisha kuniita vile."

Mzee akasogeza mizigo yake, akampa nafasi ya kukaa mkekani. Treni ilikuwa imesimama. Watu walisukumana milangoni.

Laurentine akashika pembe moja ya gunia.

"Shika huku," akamwambia. "Panda mbele, mi minakufuata."

Mukalay akapanda.