Mama Aliyepiga Simu Kila Ijumaa

Ijumaa ile umeme ulikatika tangu asubuhi na mtandao ukapotea kijiji kizima. Hata hivyo, baada ya sala ya alasiri, mama yake Wilujeng alipiga simu ya video kama kawaida.

Ustadha Maimanah, mwalimu wao, aliona kishikwambi kikiita bila mtandao. Kwa miaka mingi Kiai Zubad, mkuu wa chuo chao cha dini cha bweni, alikataza simu zisivuke lango. Kishikwambi hiki kimoja alikiruhusu baada ya Maimanah kumsihi, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wako ng'ambo. Warsini, mama yake Wilujeng, alikuwa yaya huko Taiwan. Wilujeng alikuwa na miaka tisa. Wakizungumza, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Ijumaa iliyofuata Maimanah alisogea nyuma ya Wilujeng. Kwenye kioo cha kishikwambi uso ulikuwa wa Warsini kweli, ila haukupepesa macho, na harufu ya udongo wa kaburi bichi ilimpanda puani.

Jumatatu ikaja barua. Warsini aliomba radhi: tajiri wake alimnyang'anya simu tangu Shaabani, hajamsikia mwanawe hadi leo. Maimanah alihesabu kwa vidole. Ijumaa tisa.

Aliikimbiza barua kwa Kiai. Mzee alisoma Ayatul Kursiyyu, akanyunyiza maji ya kisomo, mwishowe akakiponda kishikwambi kwa mchi.

"Mlango nimeufunga," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyekwisha kuingia, sijui yuko wapi."

Ijumaa, baada ya alasiri, Wilujeng aliketi palepale akiukabili ukuta mtupu, akacheka, akaitika, akacheka tena, na Maimanah akasoma kila dua aliyofundishwa tangu utotoni, na harufu ile ikipanda kutoka sakafuni, ikaingia kwenye mikeka, kwenye misahafu, kwenye nywele za watoto waliokuwa wakirudi kinyumenyume hadi mlangoni, na yote aliyoyasoma hayakumfanya mtoto ageuze hata shingo.

Warsini aliacha kazi, akarudi. Aliingia bwenini mkoba ukiwa bado begani, akapiga magoti, akafungua mikono.

"Jeng, mwanangu. Mimi mama."

Wilujeng alimwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni. Kisha akajibanza kwenye juba la Maimanah.

"Ustadha," alinong'ona, "mwambie aende zake. Mama alishaniambia, atakuja mwanamke mwenye uso kama wake, nisimfuate."